Kibao cha "Silaha Haziruhusiwi" na Mteja Anayegeuka Mlangoni

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wenye hoteli, baa, maduka na nyumba za wageni, katika kikao kilichoandaliwa na idara ya biashara. Tumeichapisha kama ilivyotolewa, isipokuwa salamu za mwanzo tulizozifupisha.

Asanteni kwa kuacha kaunta zenu saa hizi za asubuhi. Najua kuna mtu mmemwachia droo ya pesa na roho haijatulia, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja kwenye mada.

Kuna jambo limekuwa likifika kwenye dawati letu la habari kama malalamiko. Mfanyabiashara anaweka kibao mlangoni: silaha haziruhusiwi ndani. Mteja mwenye bastola ya leseni anafika, anasoma, anageuza gari. Wengine huondoka kimya. Wengine humwita mwenyewe na kumwambia, "Mzee, leo umenikosa mimi na hawa watu sita niliokuja nao." Mwenye hoteli mmoja alinipigia simu baada ya kuambiwa maneno kama hayo. Alitaka kujua kama kaunti inamlazimisha kuweka kibao, kwa sababu alikuwa tayari kuking'oa usiku huo huo. Nilimjibu kwamba kaunti haimlazimishi wala haimkatazi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii mtu ambaye meza zake ziko tupu Ijumaa usiku. Leo nataka kulijibu vizuri zaidi.

Nianze Marekani, maana huko ndiko hoja hii imezaliwa na kukomaa. Wanaobeba bastola kule wana desturi ya kutembea na vikadi vidogo, vya ukubwa wa kadi ya biashara. Wakikuta kibao cha kukataza bunduki, hawagombani na mtu. Humwachia keshia au meneja kadi, wakaenda zao. Ujumbe wa kadi kwa kifupi ni huu: hakuna bunduki, hakuna pesa. Nyingine huongeza kwamba mwenye kadi alipekuliwa na serikali, ana kibali, hajawahi kuwa na kesi, na kwamba pesa zake anazipeleka kwa jirani asiye na kibao. Mimi kama mtu wa mawasiliano naikubali kadi hiyo kwa jambo moja: ni fupi, ina adabu, na inamfikia mtu mwenye uamuzi. Malalamiko mengi ya wateja wetu hapa huishia kwa mhudumu, ambaye hana la kufanya, au huishia kwa marafiki kwenye simu, ambako mwenye biashara hayasikii kamwe.

Lakini ili muelewe kwa nini watu hao wanakichukulia kibao kwa uzito, lazima niwarudishe nyuma hadi tarehe 16 Oktoba 1991, katika mji wa Killeen, jimbo la Texas. Mwanamume mmoja aligonga gari lake hadi ndani ya mkahawa wa Luby's wakati wa chakula cha mchana, akashuka na kuanza kuwapiga watu risasi. Aliua watu 23. Ndani ya mkahawa alikuwamo mwanamke anayeitwa Suzanna Hupp, pamoja na wazazi wake wawili. Bastola yake alikuwa ameiacha kwenye gari, kwa sababu sheria ya Texas wakati huo haikumruhusu kutembea nayo. Wazazi wake wote wawili waliuawa. Hupp alizunguka akisimulia habari hiyo mbele ya mabunge, na mwaka 1996 akachaguliwa mbunge wa jimbo. Kufikia hapo Texas ilikuwa tayari imepitisha sheria ya kuruhusu raia mwenye kibali kubeba bastola iliyofichwa. Kwa mtu aliyekulia kwenye simulizi hiyo, kibao cha mlangoni kinasomeka hivi: humu ndani hakuna atakayekusaidia. Huwezi kumjibu kwa kumwambia kwamba unataka tu watu wale kwa utulivu. Ana wafu wake anaowakumbuka, na haki ni kumsikiliza hadi amalize.

Sheria ya Texas iliposema raia anaweza kubeba, ilibidi pia iseme mwenye duka anaweza kukataa vipi. Walichofanya ni kitu ambacho nakitamani hapa kwetu: waliandika maneno ya kibao ndani ya sheria yenyewe. Kibao chao, ambacho wenyeji hukiita thelathini sufuri sita kwa kufuata nambari ya kifungu, lazima kiwe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi kubwa zenye urefu wa angalau inchi moja, kwa rangi inayoonekana wazi, na kiwekwe mahali ambapo anayeingia atakiona. Tangu 2016, jimbo liliporuhusu bastola kubebwa waziwazi kiunoni, kuna kibao cha pili kwa hao. Kibao kikiwa na kasoro, au ukichapisha picha ya bunduki iliyokatwa mstari mwekundu na basi, mwenye kibali akipita nayo unaweza kukosa kosa la kumshtaki. Kwa hiyo kila upande unajua umesimama wapi kabla mlango haujafunguliwa. Hapa kwetu kibao kimoja kimeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye boksi la sigara, kingine kimefichwa nyuma ya mtungi wa maua, halafu soja anaambiwa akitekeleze.

Sasa, je, vibao hivyo kweli vinafukuza wateja? Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Starbucks, ile kampuni ya kahawa.

Kwa miaka kadhaa Starbucks haikuwa na msimamo wake. Ilisema tu kwamba inafuata sheria ya kila jimbo: bunduki ikiruhusiwa mtaani, itaruhusiwa kwenye mkahawa. Wapenda bunduki wakafurahi. Februari 2012 wanaharakati wa upande wa pili walipoitisha mgomo wa kutonunua kahawa yake, wapenda bunduki walijibu kwa kwenda kununua, wengi wao wakilipa kwa noti za dola 2 kama ishara ya kipengele cha pili cha marekebisho ya katiba yao, kile kinachotaja haki ya kumiliki silaha. Hadi hapo mambo yalikuwa yanawaendea vizuri. Walikuwa wamemwonyesha mwenye biashara faida kwa lugha anayoielewa, yaani mauzo.

Kisha wakazidisha. Walianza kuingia mikahawani wakiwa na bunduki waziwazi, nyingine zile ndefu za begani, na kupiga picha na vikombe. Tarehe 9 Agosti 2013 wakatangaza siku ya kuishukuru Starbucks. Baadhi yao wakapanga kukusanyika kwenye tawi la Newtown, Connecticut. Huo ndio mji ambao Desemba 2012, miezi minane tu kabla, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa risasi katika shule ya msingi ya Sandy Hook. Tawi hilo lilifunga mapema siku hiyo. Katikati ya Septemba mkuu wa kampuni, Howard Schultz, akaandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasije tena na bunduki, hata pale sheria inaporuhusu.

Angalieni neno hilo: akiwaomba. Schultz alieleza mwenyewe kwamba hakupiga marufuku, na sababu mojawapo ni kwamba marufuku ingemlazimu kijana anayemimina kahawa akabiliane na mtu mwenye bunduki. Barua hiyo haikuletwa na mahasimu wa wapenda bunduki peke yao. Waliomshukuru kwa kelele nyingi kuliko alivyoweza kuvumilia walichangia. Mwenye mkahawa anauza kahawa na kiti cha kukalia, na pale ambapo kiti chake kinageuka jukwaa la mvutano wa watu wengine, hesabu zake zinabadilika.

Kampuni nyingine kubwa zilifuata lugha hiyo hiyo ya ombi. Target iliomba hivyo Julai 2014. Walmart ilisubiri hadi Septemba 2019, mwezi mmoja baada ya mtu mwenye bunduki kuwaua watu 23 ndani na nje ya duka lake la El Paso, Texas. Hata hapo, iliwaomba wateja wasibebe bunduki waziwazi tu. Mwenye kibali aliyeificha bastola yake chini ya shati hakuguswa. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa mfanyabiashara hasa: walitibu kile kinachowatisha wateja wengine, ambacho ni kukiona chuma chenyewe, na wakawaacha wengine waendelee kununua unga na maziwa.

Mtu atauliza, zipo wapi takwimu za waliopoteza? Zipo chache za kweli, na nyingi zinazorushwa kwenye simu sizitegemei. Iliyo wazi zaidi ni ya Dick's Sporting Goods, maduka ya vifaa vya michezo. Baada ya mauaji ya shule ya Parkland, Florida, Februari 2018, kampuni hiyo iliacha kuuza bunduki za mtindo wa kijeshi, ikaacha kumuuzia bunduki yeyote aliye chini ya miaka 21. Mkuu wake, Ed Stack, alisema baadaye kwamba uamuzi huo uliwagharimu takriban dola milioni 250 za mauzo. Ni pesa nyingi sana. Lakini kampuni hiyo wakati huo ilikuwa inauza zaidi ya dola bilioni 8 kwa mwaka, na haikuanguka. Tena hiyo ni habari ya kuuza bunduki, si ya kuingia nayo dukani, kwa hivyo msiichukue kama kipimo cha kibao chenu. Inaonyesha tu kwamba hasara ni ya kweli, na kwamba mwenye biashara anaweza kuamua kuibeba kwa macho makavu akijua ni ya kiasi gani.

Haya, turudi nyumbani.

Kule, katika uchunguzi wa taasisi ya Pew, takriban watu wazima 3 kati ya 10 husema wanamiliki bunduki. Kwa hiyo kibao kinaweza kumgusa mmoja katika kila meza. Hapa Kenya kumiliki bunduki si haki ya kikatiba. Ni cheti unachopewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kinaweza kufutwa. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Wenye bastola halali ni wachache sana kati ya wateja wenu. Najua mtakachonijibu, kwa sababu mwenye baa mmoja amekwisha kunijibu: "Afisa, ni wachache, lakini hao ndio wanaofungua chupa kubwa." Sikatai. Lakini mhesabu na upande wa pili, ambao hautoi kadi wala haumwiti meneja. Mama aliyekuja na watoto, akaona kitako cha bastola kikichungulia chini ya koti kwenye meza ya jirani, hatakuambia kitu. Atalipa soda ambazo hazijaisha, ataondoka, na Jumapili ijayo atakuwa kwingine. Mwenye bastola aliyegeuka mlangoni unamkumbuka kwa sababu alisema. Huyu mama hutamkumbuka.

Na nyinyi wenye baa mna hesabu yenu ya ziada, ambayo haihitaji mifano ya Marekani. Pombe na bastola havikai meza moja. Tumeona vya kutosha kwenye habari.

Hata hivyo nisiwe mwepesi upande mmoja. Kuna watu katika ukumbi huu watakaotaja Westgate, na wana haki ya kuitaja. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jumba lile la maduka Nairobi, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwaokoa wanunuzi walikuwa raia wenye bastola za leseni, bega kwa bega na maafisa wachache wa polisi waliovaa nguo za kawaida. Watu 67 waliuawa siku zile, na bila wale waliotangulia idadi ingekuwa kubwa zaidi. Walinzi wa mlangoni hawakuwa na kitu mkononi zaidi ya kifaa cha kukagua mikoba. Kwa hiyo mteja akikuambia kibao chako hakimzuii gaidi, anasema kweli. Kibao kinamzuia mtu anayetii sheria peke yake. Usimjibu kwamba kibao kinaleta usalama dhidi ya uvamizi, kwa maana hakileti. Mjibu kwa ukweli unaoujua: kibao chako ni cha ugomvi wa saa nne usiku, bastola inayodondoka kwenye choo, na mtoto anayeokota mkoba usio wake. Hayo ndiyo yanayoweza kutokea kwako wiki hii.

Sasa niseme jambo ambalo limenileta hasa, kwa sababu nimeona linafanyika na linaweza kumtia mtu jela. Baadhi yenu, kwa kutaka kumridhisha mteja, mmemwambia soja aipokee bastola, aifungie kwenye droo au kwenye kabati la mikoba, na kumpa mwenyewe tikiti ya namba kama koti la mvua. Tafadhali acheni. Sheria ya Silaha inakataza mtu kuwa na bunduki bila cheti. Soja wako hana cheti cha bastola ile. Dakika anapoishika, kosa ni lake, na aliyempa naye hajasalimika. Mshahara wake mnaujua. Msimbebeshe kesi ya namna hiyo kwa ajili ya meza moja. Kama mnadhani biashara yenu inahitaji sefu ya kuhifadhi silaha za wageni, nendeni kwanza kwa mkuu wa kituo cha polisi na kwa Bodi yenyewe, mpate mwongozo kwa maandishi, kabla hata ya kuulizia bei ya sefu.

Kuhusu waheshimiwa wanaokuja na walinzi wenye bunduki: hao ni maafisa wa polisi walio kazini, na soja wenu si mtu wa kubishana nao. Wageni wa namna hiyo huweka nafasi mapema. Ongeeni na ofisi yao siku hiyo ya kuweka nafasi, mkubaliane walinzi watakaa wapi.

Na kaunti iko wapi katika haya yote? Usalama na leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Sisi tuna leseni za biashara, leseni za pombe na utalii wa hapa kwetu. Hakuna afisa wa kaunti atakayekunyima leseni kwa kuwa una kibao au huna. Akija mtu na kusema ametumwa kukutoza kwa jambo hilo, mwambie asubiri, kisha piga simu ofisini kwetu.

Kwa wananchi wenye leseni za bastola, maana najua mtaisoma hotuba hii kwenye jarida: mna haki ya kumwambia mfanyabiashara kwamba amewapoteza. Mwambieni. Msimalizie hasira kwa soja. Ombeni kuonana na meneja, au mwandikieni ujumbe mfupi kesho yake mkiwa mmetulia: nilikuja na watu kadhaa, tulitaka kufanya jambo fulani, tuliondoka kwa sababu hii, na mngefanya hivi tungerudi. Mfanyabiashara mwenye akili hulipia ushauri wa namna hiyo. Lakini mkumbuke waliokwenda kuishukuru Starbucks wakiwa na bunduki begani. Mtu hawezi kusikia hoja yako vizuri akiwa anaangalia kiuno chako.

Nanyi wafanyabiashara, mkiambiwa, andikeni. Daftari moja pale kwa meneja: tarehe, mteja alisema nini, alikuwa na watu wangapi. Andikeni pia waliosema waliingia kwa sababu ya kibao. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na hesabu yenu wenyewe, badala ya kung'oa kibao kwa sababu ya simu moja ya usiku.

Mwisho ni maneno ya kibao chenyewe. "Silaha haziruhusiwi" ni maneno mapana mno. Kuna soja aliyemzuia mzee kwa sababu ya rungu yake, mzee aliyekuja kwa posa ya mjukuu wake, na sherehe nzima ikahamia hoteli ya pili. Hapo mwenye hoteli alipoteza wageni wengi, na bunduki haikuwapo popote. Kama mnamaanisha bunduki na bastola, semeni hivyo. Kama mnaomba, ombeni. Kama mnakataza, kataeni. Kwa atakayetaka, idara ina mfano huu, na unaweza kubadilisha upendavyo:

"Mgeni wetu mpendwa, tunaomba usiingie na bunduki wala bastola, hata kama una leseni. Hatuwezi kukuhifadhia. Ukiwa na swali, muulize meneja, simu yake iko hapa chini."

Kiandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa herufi zinazosomeka kutoka ndani ya gari, na kiwekwe kwenye lango la kuegesha. Mtu akikisoma akiwa bado kwenye gari, ana nafasi ya kuamua bila kuaibishwa mbele ya wageni wake. Nakala ziko mezani pale nyuma, karibu na chai.